Mnara wa Afra Lipp

Korbinian Lipp alikuwa mpiga picha wa wageni chini ya kasri la Neuschwanstein, katika kijiji cha Schwangau kusini mwa Ujerumani, na kazi yake ilikuwa na kasoro moja tu: kasri lenyewe mara nyingi halikuonekana. Ukungu wa Schwangau hauna adabu. Hushuka kutoka milimani bila kubisha hodi, ukakaa siku tatu, ukaondoka basi la mwisho la wageni likiwa limeshakata kona.

Siku moja ya Oktoba walifika bwana na bibi harusi kutoka kaskazini, kule bahari inakoganda. Walikuwa wamesafiri usiku kucha. Bibi harusi alikuwa na gauni lake jeupe ndani ya mfuko, alilivaa chooni kwenye maegesho, akatoka, akatazama juu mlimani, akaona ukungu mweupe kama maziwa ya ng'ombe.

"Kasri liko wapi?" aliuliza.

"Pale," alisema Korbinian, akionyesha weupe ule.

Bibi harusi akaketi kwenye ngazi ya basi, akalia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Korbinian, mtu mpole asiyejua la kufanya mbele ya machozi, alimpiga picha. Ikawa picha nzuri kweli, ya mwanamke analia mbele ya ukuta wa ukungu. Hawakuinunua.

Mkewe Afra alikuwepo siku hiyo, amemletea chakula. Afra alikuwa binti wa Alois mchoraji, yule aliyechora watakatifu kwenye kuta za nyumba na dubu kwenye vibao vya baa, na alikuwa amerithi mkono wa baba yake pamoja na ulimi wa mama yake. Walipokuwa wakirudi nyumbani alisema, "Nitakuchorea."

"Nini?"

"Kasri. Kwenye turubai. Ukungu ukija, unatundika pazia, mtu anasimama mbele, anapata alichokifuata."

"Huo si udanganyifu, mke wangu?"

"Na wewe uliyemwonyesha bibi harusi ukungu ukamwambia 'pale', wewe ndiye mkweli?"

Basi akachukua turubai kuukuu la mkokoteni wa nyasi, akalipaka rangi ya msingi, akachora kasri jeupe lenye minara myembamba, milima ya buluu nyuma, na ziwa mbele ambalo kwa kweli liko upande mwingine kabisa. Pazia lilitundikwa kati ya nguzo mbili kando ya maegesho. Ukungu ulipokuja, watu walipanga foleni. La ajabu ni kwamba ukungu ulipoondoka, foleni ilibaki. Mbele ya pazia hakuna aliyekusukuma, hakuna mlima wa kupanda, hakuna kinyesi cha farasi wa kubeba watalii. Na kasri la Afra, wageni walisema, limetulia zaidi.

Mtu mmoja tu nyumbani hakufurahi. Mama yake Afra, Kreszenz, ambaye kijiji kizima kilimwita Zenzi, alikuwa amepita miaka themanini na hajawahi kukanyaga ndani ya kasri. Kwake yeye kuingia nyumba ya mtu bila kualikwa ni ukosefu wa malezi. Kwamba mwenye nyumba alikutwa amekufa ziwani mwaka 1886 halikuwa jambo la kubadili msimamo. Picha ya mwenye nyumba huyo, Mfalme Ludwig, ilining'inia jikoni kwake kando ya Bikira Maria, na aliyewahi kumwona akifanya usafi alijua ni fremu ipi iliyopanguswa kwanza.

"Unamfanya mfalme wetu kiroja," Zenzi alimwambia binti yake, mikono yake ikifinyanga matonge ya mkate kwa ajili ya mchuzi. "Alitupenda yule."

"Alitukimbia, mama. Alipanda mlimani ili asituone."

"Mwenye haya si asiyependa. Ungelijua hilo, ungeolewa na mwenye haya."

"Niko hapa, mama mkwe," alisema Korbinian kutoka mezani.

"Nakuona. Nawe hata haya huna, ungekuwa nayo ungeondoka."

Kusema kweli mfalme yule alikuwa na mambo yake. Alirithi ufalme akiwa kijana, na muda si mrefu majirani zake wenye majeshi makubwa wakamshinda vitani, wakamwachia taji bila kazi nyingi ya kulifanyia. Mtu mwingine angenywa pombe. Yeye aliamua kuwa mfalme mahali ambapo hakuna wa kumshinda, yaani katika hadithi. Alipotaka kasri hakuanza na mhandisi. Alimwita mchoraji wa mapazia ya jukwaani, akamwambia amchoree ndoto, kisha wahandisi wakaambiwa waifuate ile picha kwa mawe. Nje likawa kasri la mashujaa wa panga na ngao. Ndani ya kuta wakaficha mabomba ya maji moto, vyoo vya kuvuta na kengele za umeme, maana ushujaa ni jambo jema lakini Januari ya milimani haisomi mashairi. Ukumbi wa kiti cha enzi ukajengwa kwa dhahabu na mawe ya rangi. Kiti chenyewe hakikufika. Madeni yalifika kwanza, kisha mawaziri, kisha madaktari waliomtangaza kichaa bila hata kumpima. Siku chache baadaye alikutwa ziwani, na daktari mmoja kando yake, na hadi leo kila mzee wa Bavaria anajua kilichotokea, kila mmoja na lake.

Majira yale yale ya joto, kabla maua ya msiba hayajakauka, milango ya kasri ilifunguliwa kwa umma, kwa kiingilio. Na nyumba iliyojengwa ili mtu mmoja apate kuwa peke yake, sasa inaingiwa na watu zaidi ya milioni kwa mwaka, wakisukumana viwiko, na kila mmoja akitoka husema: kweli, upweke ule!

Zenzi hakulicheka hilo. Baba yake alikuwa fundi mwashi chipukizi mlimani pale, akishika mwiko kabla hajajua wembe. Alikuwa miongoni mwa walioweka msingi wa mnara mkubwa uliokusudiwa kusimama katikati ya ua wa juu, wenye kanisa ndani yake, mrefu kuipita minara yote. Msingi uliwekwa, mfalme akafa, mnara haukuja. Alama ya msingi ingali pale uani, na wageni huikanyaga wakitafuta choo. Yule mwashi aliishi mpaka uzee akiulizia mnara wake kama mtu anayemwulizia mtoto aliyekwenda safari.

Sasa aje Bwana Ottmar Heigl, mwenyekiti wa chama cha wafanyabiashara, mwenye hoteli iliyoitwa Swani wa Dhahabu, kwa jina la yule bata mkubwa mweupe mwenye shingo ndefu. Kwa Heigl kila kitu kilikuwa swani: sabuni swani, siagi swani, taulo zilizokunjwa zikawa swani mpaka wageni wakaogopa kujifutia. Dukani kwake kasri lilikuwa kwenye vikombe, kwenye soksi, kwenye vidude vya kunyunyizia chumvi, na ndani ya tufe la kioo ambalo ukilitikisa theluji inaanguka, hata Agosti. Mtu huyu, mlinzi wa uhalisi, ndiye aliyemjia Afra maegeshoni na kumwambia pazia liondoke.

"Bi Afra, chama kimekaa. Wageni hawa wanakuja kuona kitu halisi."

"Halisi kama soksi zako?"

"Usinifanyie mzaha. Kuna historia hapa. Wewe unaweka maigizo."

"Tofauti ni nini?"

Heigl alifikiri. "Historia ina kiingilio," alisema, akajisikia amejibu.

Pazia likakunjwa, likapelekwa ghalani kulala na panya. Korbinian akarudi kupiga picha za ukungu. Afra akarudi kuchora dubu kwenye vibao vya baa. Alikasirika kuliko alivyotaka ijulikane. Alikuwa amegundua, katika umri wa nywele kuanza kubadilika rangi, kwamba kuna kitu anakiweza na watu wanakipanga foleni, na amenyang'anywa na mtu anayeuza siagi yenye shingo.

Mwaka wa pili yake likaja jambo ambalo hakuna aliyelipangia kikao. Mawe ya kasri yalikuwa yanamomonyoka. Mvua, theluji, na jamaa waliojenga kwa haraka ya kumridhisha mfalme. Mafundi wakaja, wakajenga majukwaa ya vyuma toka chini hadi juu, wakayafunika kwa wavu wa kijivu. Kasri la hadithi likafanana na kabati lililofunikwa shuka kwa sababu wenye nyumba wamesafiri. Mabasi yakafika, watu wakashuka, wakatazama, wakapanda tena. Kwenye daraja la Maria juu ya korongo, pale ambapo kila picha ya kalenda hupigwa, mwanamume mmoja aliyevuka bahari mbili alipiga magoti na kumwomba mkewe msamaha.

Heigl akaja kwa Afra na keki. Ilikuwa na umbo la swani.

Zenzi ndiye aliyemfungulia. "Karibu, Ottmar. Umekuja kukamata nani?"

"Bibi Zenzi, nimekuja kwa heri. Bi Afra yupo?"

"Yupo. Anafanya maigizo, anakaanga vitunguu."

Heigl aliketi, kofia magotini. Alisema chama kimekaa tena. Alisema ukitazama kwa upana, pazia si udanganyifu, ni kumbukumbu. Wanataka kubwa, refu kama ghala, litundikwe penye maegesho, na picha zake zichapwe kadi za posta kwa msimu mzima. Korbinian apige picha, duka liuze.

Afra aliendelea kugeuza vitunguu mpaka harufu ikamfanya Heigl ameze mate. "Nitachora," alisema. "Kwa sharti. Hakuna wa kuchungulia mpaka nimalize, na hakuna wa kunielekeza."

"Bi Afra, ni kasri. Liko pale. Mtu anaelekeza nini?"

"Basi sharti jepesi hilo."

Alichora ghalani kwa haraka, milango imefungwa, ngazi imeegemea ukuta, Korbinian akishika ndoo. Alichora kuta, akachora minara myembamba, akachora lango jekundu. Kisha akashuka, akakaa juu ya debe la rangi, akaitazama ile nafasi katikati ya ua kwa muda mrefu.

"Umechoka?" Korbinian aliuliza.

"Babu yangu alikuwa anausema ule mnara kila Jumapili. Upana wake, kanisa lake, madirisha yake. Hata mimi niliujua kabla ya kujua sala."

Korbinian akaelewa. "Heigl atatuua."

"Heigl haoni. Leta nyeupe."

Akaupandisha mnara. Ukapita minara yote, ukagusa karibu ukingo wa juu wa turubai, mpana, mzito, na madirisha ya kanisa yenye mwanga wa manjano ndani kana kwamba kuna mtu anasali.

Kamati ya chama ikaitwa kukagua. Walikuja watu saba waliozaliwa, kubatizwa na kunenepa chini ya kasri lile. Wameliuza kwenye soksi. Wamelichora kwenye malori yao ya bia. Wakasimama mbele ya pazia, mikono nyuma, wakalitazama kwa makini. Paroko alisifu milima. Muuza jibini akasema rangi ya mbingu imekaa vizuri. Heigl akaitikia kwa kichwa, taratibu.

"Halisi," alisema. "Halisi kabisa. Ila swani pale ziwani ungemwongeza kidogo."

Wakapiga makofi. Korbinian alilazimika kutoka nje kukohoa.

Siku ya kulitundika, Afra alimkodia mama yake gari la farasi. Zenzi alikataa kwanza, akasema magoti, akasema hali ya hewa, akasema hapendi viroja. Mwisho akavaa gauni lake la sikukuu na vifungo vya fedha, akapanda. Maegeshoni akashushwa, akasimama na fimbo yake katikati ya wageni waliokuwa wakila soseji. Akaangalia juu.

Fimbo yake ikapanda hewani, ikaufuata mnara toka chini hadi juu. Afra akamsogelea.

"Mama?"

"Madirisha umeyafanya makubwa," Zenzi alisema. "Baba alisema ni membamba, ili upepo usizime mishumaa."

"Nitayarekebisha."

"Yaache." Akajifuta uso kwa ncha ya shali. "Alikufa akisema wataumalizia mwaka ujao. Kila mwaka, mwaka ujao. Mimi nikafikiri ni akili za uzee."

Kisha mwanamke huyu, aliyekuwa ameapa kwamba picha ni za wafalme na wafu, akamwita mkwewe. "Korbinian! Huna kazi? Nipige hapa. Mnara uonekane wote. Mimi ukinikata si neno."

Alimpiga. Zenzi amesimama wima mbele ya pazia, mdogo kama msumari, uso mkali kama wa mtu anayengoja kujibiwa swali lake. Nyuma yake mnara wote.

Msimu ule kadi za posta zilikwenda pande zote za dunia. Heigl alizichapa kwa maelfu, akaziweka mapokezi, akaziweka chumbani juu ya mito. Hata mabasi yaliyokuwa yamekata safari yakarudi. Watu walipiga picha mbele ya pazia, wakaenda kutazama kabati la kijivu kwa heshima, wakala tambi za jibini, wakaondoka wameridhika.

Zenzi alifariki wakati wa Kwaresima, kitandani kwake, akiwa amemaliza kugombana na muuguzi kuhusu supu. Kwenye jeneza waliweka ile picha, kwa sababu hakukuwa na nyingine. Afra hakulia kanisani. Alilia wiki mbili baadaye, alipokuta fremu ya mfalme imeshika vumbi.

Pasaka ilipopita mafundi wakaondoa wavu, wakafungua vyuma, na kasri likatoka jeupe kama jino jipya. Wageni wakaja kwa wingi, kadi mikononi. Wakapanda mlima. Wakasimama uani. Wakatazama kadi, wakatazama juu, wakatazama kadi.

"Samahani," bwana mmoja mwenye miwani alimwuliza Heigl mapokezini, "mnara mkubwa uko wapi?"

"Mnara gani?"

Akaonyeshwa kadi yake mwenyewe, aliyoichapa yeye, aliyoiweka yeye juu ya mto wa bwana huyo. Wanaosimulia wanasema Heigl aliitazama kadi ile kama mtu anayeonyeshwa picha ya mkewe na kugundua ana pua.

"Ah," alisema. "Ule. Ule... uko kwenye matengenezo."

"Umepelekwa wapi?"

Wiki hiyo waliuliza wengi. Mwanamke mmoja alisema serikali imeuuza kwa nchi za nje. Mwingine akadai mafundi wameuiba, akataka polisi. Gazeti la mkoa likaandika kichwa cha habari, na Schwangau nzima ikacheka, isipokuwa kamati, iliyokuwa inajificha.

Heigl akafika kwa Afra bila keki.

"Umenidhalilisha!"

"Mimi? Ulikuja kukagua, Bwana Heigl. Ukasema halisi."

"Nilikuamini!"

"Ungeamini macho yako ningekosa kazi. Umezaliwa hapa. Ukiamka unafungua dirisha, kasri liko pale. Umewahi kulitazama?"

Heigl akavua kofia. Alikuwa mtu wa hasira lakini si mwongo wa kupindukia. "Nina dirisha," alisema polepole, "lakini mbele yake nimeweka kabati la vikombe."

Alitaka pazia lichomwe. Wiki mbili baadaye alibadili mawazo, maana aligundua kwamba wageni sasa wanakuja kuuliza habari za mnara usiokuwepo, na mtu anayeuliza habari hununua kahawa. Kufikia kiangazi duka lake lilikuwa na sahani, vibeti na sabuni zenye mnara, na maandishi ya dhahabu yaliyosema: Ndoto Ambayo Haikutimia. Alisimulia hadithi ya waashi kwa machozi, akimtaja babu yake Afra kama jamaa yake wa karibu.

Afra hakumkatalia. Alikuwa ameshapokea wito wa jumba dogo la maigizo huko Augsburg, ambako mkurugenzi wake, mtu mwembamba mwenye skafu hata ndani, alikuwa ameona kadi na hakuuliza mnara uko wapi. Aliuliza aliyeuchora yuko wapi. Walihamia mwaka ule ule. Afra alichora misitu, magereza, jikoni za maskini na bahari ambazo hakuwahi kuziona, na alilipwa kwa kufanya maigizo, kazi ambayo huko hakuna aliyeikemea. Korbinian aliuza kamera zake mbili, akabaki na moja, akawa anamshikia ndoo.

Maisha ya mjini hayakumkaa vizuri. Alilalamika kwamba matonge ya Augsburg ni madogo na majirani hawasalimii. Lakini kila onyesho jipya lilipofunguliwa aliketi safu ya mwisho, na pazia lilipopanda watu wakashusha pumzi kwa uzuri wa kilichochorwa, aligeuka kwa aliye karibu naye, yeyote awaye, akamnong'oneza, "Huyo mke wangu," mpaka wahudumu wakamwomba apunguze sauti.